UZI: Roketi za Ngomeni na swali tunaloliruka kila mdahalo

1/ Kila mara habari ya mwekezaji mkubwa ikitua hapa mtandaoni, tunagawanyika pande mbili. Hawa: "Mnapinga maendeleo." Wale: "Mnauza nchi." Tunatukanana mpaka bando inaisha. Leo sitaji mwanasiasa wala chama, na nyinyi pia msitaje. Tuangalie historia ya kitu kimoja tu: vituo vya kurushia roketi. Vitatu.

2/ Kwanza, mbona roketi zije huku kwetu? Mimi ni wa Otonglo. Panda matatu ya Maseno, utavuka ikweta, kuna alama pale barabarani. Watu hupiga picha wakaendelea na safari. Kumbe huo mstari ni mali. Dunia inajizungusha, na kasi yake ni kubwa zaidi kwenye ikweta, karibu kilomita 1,670 kwa saa. Roketi ikirushwa kuelekea mashariki kutoka karibu na hapo, inapata msukumo wa bure. Na ukiwa na bahari tupu upande wa mashariki, hata ikianguka haimwangukii mtu. Ikweta pamoja na bahari upande wa mashariki: hiyo ni pwani ya Kenya.

3/ Kituo cha kwanza: Ngomeni, kijiji cha wavuvi kaskazini mwa Malindi. Mwaka 1962 Italia na Marekani zilikubaliana kuhusu mradi wa San Marco. Angalia huo mwaka. Kenya ilikuwa bado koloni. Yaani wazo lilizaliwa kabla sisi hatujawa nchi. Profesa Luigi Broglio na wenzake wa chuo kikuu cha Roma waliweka majukwaa ya chuma baharini, na nchi kavu wakajenga kituo cha mawasiliano.

4/ Tarehe 26 Aprili 1967 setilaiti ya San Marco 2 iliruka kutoka hapo. Mpaka 1988 zilikuwa zimeruka 9. Moja ilirushwa 12 Desemba 1970, siku yetu ya Jamhuri, ikapewa jina Uhuru. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa kazi ya kutafuta miale ya eksirei angani, na ilipata vyanzo zaidi ya 300. Wanaastronomia duniani kote wanaijua. Sasa uliza darasa lolote la Kisumu kama wamewahi kuisikia.

5/ Baada ya 1988 majukwaa yalinyamaza. Kituo cha nchi kavu kiliendelea kufuatilia setilaiti. Mkataba mwingine na Italia ulitiwa saini 1995, na mwingine tena 2016 huko Trento, Italia. Halafu 15 Aprili 2023, setilaiti yetu Taifa-1 ikarushwa na roketi ya kampuni binafsi ya SpaceX. Kutoka wapi? California. Hapo ndipo mdahalo huwaka: "Tulinyonywa!" "Wacha wivu, Waitaliano walileta pesa Malindi!"

6/ Tuseme ukweli, pande zote mbili zinaongea juu ya kodi ya pango. Nani alilipa, alilipa ngapi. Ni swali halali. Lakini ona walioketi mezani: serikali na serikali. Mvuvi wa Ngomeni, ambaye bahari yake ndiyo iligeuka kuwa mlango wa anga, hakuwa upande wowote wa mkataba. Yeye alikuwa sehemu ya mandhari.

7/ Kituo cha pili ni cha kampuni binafsi. Mwaka 1975 kampuni ya Kijerumani, OTRAG, ilisaini mkataba na Zaire, ambayo leo ni Kongo. Ilipewa eneo la kilomita mraba 100,000 huko Shaba, yaani eneo la Katanga. Hiyo ni karibu moja ya sita ya Kenya nzima! Ilipewa haki ya kulitumia bila kizuizi, mpaka mwaka 2000. Eneo hilo halikuwa tupu, lilikuwa na watu na vijiji. Roketi ya kwanza ya majaribio iliruka 1977. Ya tatu, 1978, ilifeli rais mwenyewe akitazama. Mwaka 1979 mkataba ukavunjwa. Na nani alishinikiza uvunjwe? Mataifa ya nje, Wasovieti wakiwa mstari wa mbele, kwa hofu ya makombora. Wanakijiji hawakuulizwa ulipoingia, na hawakuulizwa ulipotoka.

8/ Mtasema hayo ni ya zamani, enzi za udikteta. Haya, kituo cha tatu: Boca Chica, pwani ya Texas, Marekani kwenyewe. Kijiji kidogo kando ya ufuo, wastaafu wengi. SpaceX ilichagua eneo hilo 2014. Mwaka 2019 wenye nyumba walianza kupata barua za kuwataka wauze. Tarehe 3 Mei 2025 ikapigwa kura pafanywe mji unaoitwa Starbase. Ndiyo 212, hapana 6. Demokrasia safi, sivyo? Ila wengi wa waliopiga kura walikuwa wafanyakazi wa kampuni au watu wao. Wenyeji wa mwanzo, wengi walikuwa wameshaondoka. Kura ilikuja wakati wapiga kura wameshabadilishwa.

9/ Basi somo langu ni hili. Swali la "mwekezaji aje au asije" linakuja likiwa limechelewa. Swali la kwanza ni: mwenyeji anaulizwa LINI? Ngomeni hakuulizwa. Shaba hakuulizwa. Texas aliulizwa mwishoni, wakati jibu lilikuwa linajulikana.

10/ Mbona nawasumbua na haya? Kwa sababu zamu yetu imekaribia. Uyombo, Kilifi, wakazi waliandamana 2024 kupinga mtambo wa nyuklia. Sasa mjadala wa mtambo huo umehamia Siaya, ufuoni mwa Ziwa letu. Sisemi ni mbaya, sisemi ni mzuri. Nasema sisi tuna kitu ambacho watu wa Ngomeni wa 1962 hawakuwa nacho. Katiba ya 2010, Kifungu cha 10, inataka wananchi washirikishwe. Kifungu cha 35 kinakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali.

11/ Kwa hivyo baraza likiitishwa, usiende kwa sababu ya soda na fulana. Nenda na maswali matatu. Mkataba uko wapi tuusome? Umeshasainiwa au bado? Tukisema hapana, nini kitabadilika? Ukiona swali la tatu halina jibu, jua hukuitwa kuulizwa. Umeitwa kuarifiwa.

12/ Mwisho wa uzi. Kama babu au nyanya yako ni wa Ngomeni na anakumbuka siku roketi zilipokuwa zikiruka, andika hapa chini alichokuambia. Hiyo ndiyo sehemu ya historia hii ambayo mikataba haikuiandika.