Uvimbe na Saratani katika Ndege wa Porini

Katika nchi ya Uzigua, tangu Chanika ya Handeni mpaka Korogwe kando ya mto Pangani, kanga na kwale ni ndege wajulikanao sana. Mtu akimwona mmoja wao ana kinundu kwenye ukope au mguuni, neno limjialo kwanza ni uvimbe, nalo ni neno la haki: lataja lionekanalo, wala halidai zaidi.

Saratani ni neno la namna nyingine. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni kaa wa baharini. Wagiriki na Warumi nao waliuita ugonjwa huu kwa jina la mnyama huyo huyo. Lakini jina hili halifai kutolewa kabla nyama ya uvimbe haijakatwa, ikatiwa rangi na kutazamwa kwa hadubini. Ndui ya ndege huota vinundu vifananavyo na saratani. Na usaha wa ndege hauwi majimaji kama wa binadamu, bali huganda kama jibini, ukamdanganya mtazamaji.

Elimu ya jambo hili ilianzia kwa kuku. Mwaka 1908, huko Copenhagen, Ellermann na Bang walionyesha kwamba saratani ya damu ya kuku yaambukizwa kwa maji yaliyochujwa yasiyo na seli. Mwaka 1911 Peyton Rous wa New York alithibitisha vivyo hivyo kwa saratani ya nyama; Tuzo ya Nobel aliipata mwaka 1966.

Ndege wa porini hawakuchunguzwa kwa kiasi hicho. Huko Amani, katika milima ya Usambara, R. E. Moreau aliwachunguza ndege tangu 1928 hadi 1946, na kazi yake ni hazina. Lakini desturi ya makumbusho ya zama hizo ilikuwa kuhifadhi ngozi na manyoya. Maini na figo, ambamo uvimbe hujificha, kwa kawaida vilitupwa. Tena ndege mgonjwa huliwa upesi na wanyama wengine. Basi uchache wa habari si ushahidi wa uchache wa ugonjwa.

Kwa hiyo yampasa mtunga kamusi kuyatenga maneno haya mawili. Ndui huambukiza, mfugaji aliyeambiwa kuwa ni saratani huenda asiwatenge kuku wake, na kosa la neno moja likamaliza banda zima.