Daraja la Wanagenzi katika Nyanda za Juu Kusini

Kila mchezo una mlango wa wanagenzi. Hata warushao ndege ndogo za mfano, zisizo na mtambo na ziongozwazo kwa redio, huwatengea daraja lao. Wako wayadharauo madaraja hayo. Lakini katika mpira wa miguu, ni huko mchezaji asiyejulikana hupimwa na wenziwe kabla ya kukabili Yanga au Simba. Tukuyu Stars ya Mbeya, iliyokuwa imepanda karibuni tu, ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1986 katika msimu wake wa kwanza, jambo adimu mno popote duniani. Mbeya City ilipanda mwaka 2013, ikamaliza ya tatu, mbele ya Simba. Lipuli ya Iringa, iliyorudi Ligi Kuu mwaka 2017, ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2019, ikafungwa na Azam 1-0. Mwaka 2020 ikashuka tena.