Jeppestown: Kiwanda kilipata ruzuku, mshonaji alipata nini?

Mashariki ya kitovu cha jiji la Johannesburg uko mtaa wa Jeppestown, ulioanzishwa mwaka 1886, mwaka uleule jiji lenyewe lilipozaliwa kwa sababu ya dhahabu. Habari za dhahabu zimesimuliwa sana. Habari za cherehani hazisikiki mara nyingi, ingawa ndizo zilizowalisha wanawake wengi wa mtaa huo na mitaa jirani.

Viwanda vya nguo vya Johannesburg havikuota vyenyewe kama uyoga. Mwaka 1925 serikali ya Waziri Mkuu J.B.M. Hertzog ilipitisha sheria ya ushuru wa forodha kwa nia ya kuvikinga viwanda vya ndani dhidi ya bidhaa za kutoka nje. Nyuma ya ukuta huo cherehani ziliongezeka. Wasichana waliosukumwa na umaskini wa mashambani, wengi wao wa jamii ambayo Waswahili wamezoea kuiita Makaburu, walipanga vyumba Jeppestown na Fordsburg, wakashona kwa ujira usiotosha kodi na chakula. Chama chao kiliongozwa tangu mwaka 1928 na Solly Sachs, akiwa bega kwa bega na wanawake kama vile ndugu wawili Johanna na Hester Cornelius. Waligoma mwaka 1931, wakagoma tena mwaka 1932 na kushindwa. Mwaka 1952 serikali ya ubaguzi wa rangi ilimwondoa Sachs kwa kutumia sheria ya kupiga vita ukomunisti. Miaka ilivyokwenda, waliokaa mbele ya cherehani walizidi kuwa wanawake Waafrika na machotara.

Ukuta wa ushuru ulianza kubomolewa wakati uhuru ulipowadia. Baada ya mapatano ya biashara ya dunia ya mwaka 1994, Afrika Kusini ilikubali kupunguza ushuru wa nguo katika muda wa miaka 12, kisha serikali yenyewe ikaamua kuikamilisha kazi hiyo kwa miaka minane. Mwaka 2005 ukafika mwisho wa mfumo wa kimataifa uliokuwa ukiweka kikomo kwa nguo za nchi za Asia. Makumi ya maelfu ya ajira yalipotea.

Serikali haikukaa kimya, lakini msaada wake ulipitia kwa mwenye kiwanda. Kuanzia mwaka 1993 kampuni iliyouza nguo ng'ambo ilipewa hati ya kuingiza bidhaa bila kulipa ushuru wote. Hati hizo ziliweza kuuzwa, na wenye maduka makubwa wakazinunua. Yaani, msaada uliokusudiwa kumwokoa mshonaji ulisaidia pia kuleta shati lililomwondoa kazini.

Mwaka 2007 na 2008 aina 31 za nguo na vitambaa kutoka China ziliwekewa kikomo. Bidhaa za China zikapungua, na waagizaji wakageukia nchi nyingine za Asia. Mwaka 2009 ushuru wa baadhi ya mavazi ulipandishwa hadi asilimia 45, na mpango mpya wa ruzuku ukaanzishwa kupitia shirika la serikali la maendeleo ya viwanda, IDC, ili wenye viwanda wanunue mashine na kuboresha kazi. Mwaka huohuo ulianza pia mpango wa kuwapeleka mafunzoni, wakiwa na posho, wafanyakazi waliokabiliwa na hatari ya kupunguzwa. Huo ulimgusa mfanyakazi mwenyewe, lakini alipaswa kuwa bado na mwajiri.

Marekani ilichukua njia tofauti. Sheria ya mwaka 1962, enzi za Rais John F. Kennedy, ilimtambua mfanyakazi aliyepoteza kazi kwa sababu ya bidhaa za kigeni, ikampa posho na mafunzo. Mpango huo nao ulilaumiwa kwa uhaba wake, na muda wake ulimalizika mwaka 2022 bila kuongezwa. Hata hivyo uliitaja sababu kwa jina lake.

Afrika Kusini haikuwa na sheria ya namna hiyo. Aliyeachishwa kazi alikwenda kwenye mfuko wa bima ya ukosefu wa ajira kama mwingine yeyote, ambako, kwa sheria ya mwaka 2001, kila siku sita za kazi zilimpa siku moja ya malipo, zisizidi siku 238. Aliyeshona katika chumba cha ghorofani, kwa mwajiri asiyemsajili wala kumchangia, hakuwa na hata siku moja ya kudai. Na kadiri viwanda vikubwa vilivyofungwa, ndivyo kazi ilivyohamia katika vyumba kama hivyo.

Wasikilizaji wa Afrika Mashariki watakumbuka Urafiki ya Dar es Salaam, kiwanda kilichojengwa miaka ya 1960 kwa msaada wa China ileile.

Jeppestown majengo yalibaki. Tangu mwaka 2009 wawekezaji walianza kuyageuza maghala na viwanda vya zamani vya eneo hilo kuwa nyumba na maduka ya kisasa, na mwezi Machi 2015 wakazi wa mtaa huo waliingia barabarani kupinga kuhamishwa.