Mtoto anayezubaa baada ya malaria kali: ubongo na mwili vinasema nini?

Ukiwa Ruaruke, au kijiji chochote cha Kibiti na delta ya Rufiji, huhitaji kumweleza mtu degedege ni nini. Karibu kila mzazi ameliona, la mwanawe au la jirani. Kisichojulikana sana ni kinachoweza kufuata baadaye. Mtoto amepona homa, anakula, anacheza na wenzake, amerudi shule. Lakini akiitwa haitiki, akitumwa vitu viwili anakumbuka kimoja, na darasani anatazama ukuta. Mwalimu anasema mvivu, nyumbani wanasema mkaidi, na bakora zinaanza.

Makala haya yanaeleza jinsi wataalamu wanavyosoma ishara za ubongo na mwili ili kujua kama mtu yuko makini, ana hofu au anafikiri. Yanaeleza pia yale ambayo ishara hizo zimefichua kuhusu watoto wa ukanda wetu walionusurika na malaria kali.

Umeme mdogo ndani ya kichwa

Ubongo wa binadamu una seli za neva zipatazo bilioni 86. Seli hizi hupeana habari kwa kemikali na kwa umeme. Umeme wenyewe ni mdogo sana. Betri moja ya tochi ina volti 1.5, lakini unaofika kwenye ngozi ya kichwa hupimwa kwa sehemu za milioni moja za volti. Hata hivyo, ukiwekewa vifaa vidogo vya kunasa umeme vinavyoitwa elektrodi, na mashine ya kuukuza, unaonekana kama mistari inayopanda na kushuka.

Mtu wa kwanza kurekodi mistari hiyo kwa binadamu alikuwa daktari wa Ujerumani, Hans Berger, mwaka 1924. Alitangaza matokeo yake mwaka 1929. Kipimo hicho leo kinaitwa EEG, na hapa nchini kinapatikana katika hospitali kubwa kama Muhimbili. Wazazi wengi wakiona nyaya kichwani mwa mtoto huogopa kwamba anapigwa shoti. Sivyo. Mashine haiingizi umeme kichwani. Inapokea tu, kama redio yako inavyopokea matangazo bila kurusha chochote. Haiumi, na kwa kawaida mtoto hanyolewi nywele.

Kama vituo vya redio vinavyotofautiana kwa masafa, mawimbi ya ubongo nayo hutofautiana kwa kasi. Mtu mzima aliye macho, ametulia na amefumba macho, hutoa mawimbi kati ya 8 na 13 kwa sekunde. Akifumbua macho au akipewa hesabu ya kufanya kichwani, mawimbi hayo hupungua na yale ya kasi zaidi huonekana. Berger mwenyewe aliliona hilo. Katika usingizi mzito, mawimbi huwa ya polepole, chini ya 4 kwa sekunde. Mawimbi ya polepole kwa mtu ambaye angepaswa kuwa macho ni dalili kwamba ubongo una shida.

Kupima umakini kwa sauti moja tofauti

Ipo njia ya kupima umakini wenyewe. Mtoto huvalishwa elektrodi na kusikilizishwa sauti ileile mara nyingi: tii, tii, tii. Kisha, bila taarifa, inaingia sauti nyingine kabisa. Ubongo ulio makini hushtuka. Takriban theluthi moja ya sekunde baadaye, wimbi kubwa huonekana kwenye mashine. Wataalamu wamelijua wimbi hilo tangu mwaka 1965. Ukubwa wake na muda linaochukua kutokea huonyesha jinsi ubongo unavyotambua jambo jipya na kuligeukia.

Faida ya njia hii kwa maeneo kama yetu ni kubwa. Mitihani mingi ya akili hutegemea kusoma, picha au maswali yaliyotungwa mbali. Mtoto ambaye hajawahi kushika kitabu anaweza kuonekana mjinga kumbe hajazoea tu. Sauti haiulizi mtoto amesoma darasa la ngapi.

Mwili nao unatoa siri

Si ubongo peke yake unaosema. Mapigo ya moyo, jasho, pumzi na mboni za macho huongozwa na neva zinazofanya kazi bila wewe kuziamuru. Ndiyo maana mtu anaweza kusema "siogopi" huku viganja vimelowa.

Mboni ni mfano mzuri. Sote tunajua hupungua kwenye mwanga na kupanuka gizani. Mwaka 1966, Daniel Kahneman na Jackson Beatty walionyesha kwamba hupanuka pia mtu anapofikiri. Waliwasomea watu tarakimu za kukumbuka. Kila tarakimu ilipoongezwa, mboni zilipanuka. Watu walipozitaja moja moja, zilirudi polepole. Ugumu wa kazi ya kichwani ulionekana machoni.

Jasho nalo hupimwa. Ukisisimka, tezi za viganjani hutoa jasho kidogo hata kabla hujalihisi, na ngozi hupitisha umeme kwa urahisi zaidi. Kipimo hiki humwonyesha mtaalamu kwamba kuna msisimko, lakini hakimwambii wa nini. Tutalirudia jambo hilo.

Kilifi: degedege lisiloonekana

Sasa twende kwenye malaria. Wadudu wake wa aina ya falsiparum hunasa kwenye mishipa midogo ya damu, ikiwemo ya ubongo. Damu haipiti vizuri, oksijeni na sukari hupungua, na mtoto anaweza kupoteza fahamu. Hiyo ndiyo malaria ya ubongo.

Huko Kilifi, pwani ya Kenya kati ya Mombasa na Malindi, watafiti wa KEMRI na taasisi ya Wellcome Trust wamekuwa wakifanya kazi tangu mwaka 1989. Katika miaka ya 1990 waliwawekea EEG watoto waliolazwa wakiwa hawana fahamu. Waliona kwamba baadhi ya watoto waliolala kimya, bila mkono wala mguu kuruka, walikuwa katikati ya degedege. Mashine ilionyesha dhoruba ya umeme kichwani, wakati kwa nje kulikuwa na ishara ndogo tu: macho yamevutwa upande mmoja, mate yanatoka, pumzi haina mpangilio, au kidole na pembe ya mdomo vinachezacheza.

Jambo hili lina uzito, kwa sababu degedege la muda mrefu hula sukari na oksijeni ya ubongo ambao tayari una njaa. Mtoto anayeonekana "amepumzika" anaweza kuwa anazidi kuumia. Zahanati haina EEG, lakini muuguzi na mzazi wana macho.

Kuna hata kipimo cha fahamu kisichohitaji mashine, kilichotungwa Blantyre, Malawi, na kutangazwa mwaka 1989. Mtoto hupewa alama kwa mambo matatu. Je, macho yanafuata uso wa mama? Alama 1. Akifinywa, anapeleka mkono panapouma? Alama 2, akiuvuta mkono tu, alama 1. Je, analia kama kawaida? Alama 2, akiguna tu, alama 1. Jumla ni 5. Mtoto mwenye 2 au chini ya hapo yuko katika hali ya kupoteza fahamu kabisa. Uso wa mama, maumivu na kilio: kwa ishara hizo tatu, mhudumu anapata picha ya kinachoendelea kichwani.

Kampala: nini hubaki baada ya homa kuisha

Katika Hospitali ya Mulago, Kampala, watafiti waliwafuatilia watoto wa miaka 5 hadi 12 waliopona malaria ya ubongo. Matokeo ya baada ya miaka 2 yalitangazwa mwaka 2008. Asilimia 26.3 ya watoto hao walikuwa na upungufu katika angalau eneo moja la kufikiri. Kwa watoto wenzao wa jamii ileile ambao hawakuugua, ilikuwa asilimia 7.6. Eneo lililoathirika zaidi lilikuwa umakini: asilimia 18.4 dhidi ya 2.5.

Kilifi nako walitumia kipimo cha sauti na picha zisizotarajiwa tulichokieleza hapo juu. Katika utafiti uliotangazwa mwaka 2010, ubongo wa watoto waliowahi kuugua malaria kali uliitikia mambo mapya kwa namna tofauti na ile ya watoto wasiougua. Homa ilikwisha zamani, lakini alama yake ilikuwa bado inasomeka.

Tuliweke hili sawa. Watoto wengi walionusurika na malaria ya ubongo hawakuonyesha upungufu huo. Lakini ikiwa takriban 1 kati ya 4 anabaki na shida, basi baadhi ya wanaochapwa kwa "kutosikiliza" hawafanyi makusudi.

Sekunde kumi za kupotea

Ipo sababu nyingine ya kuzubaa ambayo EEG huifichua waziwazi. Ni kifafa cha watoto kisicho na kuanguka wala kutoa povu. Mtoto anasoma au anazungumza, ghafla anasimama. Anakodoa macho, pengine kope zinapepesa, hasikii. Baada ya sekunde chache, mara nyingi kama 10, anaendelea alipoishia kana kwamba hakuna kilichotokea. Inaweza kutokea mara nyingi kwa siku. Kwenye EEG, mawimbi yenye ncha kali hujitokeza takriban mara 3 kwa sekunde. Daktari humwomba mtoto apumue kwa nguvu kwa dakika 3 hivi, na mara nyingi hali hiyo hujitokeza hapohapo.

Tofauti na kuzubaa kwa kawaida ni hii: mwenye mawazo mengine ukimgusa begani anashtuka na kukujibu. Mwenye kifafa hiki harudi mpaka sekunde zake ziishe. Ugonjwa huu una dawa. Wala kifafa hakiambukizwi, si kwa mate wala kwa kugusana. Huko Mahenge, mwanzoni mwa miaka ya 1960, daktari Louise Jilek-Aall alianza kuwatibu kwa vidonge watu wenye kifafa waliokuwa wametengwa na jamii.

Ishara si kusoma mawazo

Hapa tahadhari inahitajika. Moyo hudunda kwa hofu, kwa hasira, kwa furaha na kwa kukimbilia boti ya Nyamisati. Kipimo kinaonyesha kwamba kitu kimetokea. Hakisemi ni kitu gani. Ndiyo sababu mashine ya kutambua uongo, inayopima moyo, pumzi na jasho, haiaminiki kama watu wanavyodhani. Mwaka 2003 jopo la taasisi ya taifa ya sayansi ya Marekani lilipitia ushahidi wake na kuonya isitegemewe katika kuwachuja wafanyakazi. Mtu mkweli mwenye hofu huonekana mwongo, na mwongo aliyezoea hupita salama.

EEG nayo haionyeshi mtoto anawaza nini, wala haisemi kama amerogwa au ana pepo. Na matokeo yasiyo na kasoro siku moja hayaondoi kifafa moja kwa moja, kwa sababu huenda ubongo ulikuwa umetulia wakati wa kupimwa.

Ufanye nini

Mtoto akipata degedege, mlaze kwa ubavu mahali salama. Usimtie kijiko, kidole, maji wala dawa mdomoni. Usimbane mikono, usimfukize. Angalia saa. Likizidi dakika 5, likijirudia, au asipopata fahamu, hiyo ni dharura. Kwa vyovyote vile, mtoto mwenye homa na degedege apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo apimwe malaria. Katika ukanda wetu wa pwani, wapo wazazi waliochelewa kwa kuamini kwamba sindano humuua mtoto mwenye degedege. Sindano ya artesunate ndiyo tiba ya malaria kali, na kinachoua ni kuchelewa.

Akipona, mwangalie kwa miezi inayofuata. Je, anaitika akiitwa kwa nyuma? Anza na masikio, kwa kuwa malaria kali na baadhi ya dawa zinaweza kudhoofisha usikivu. Je, anaona ubaoni? Analala vya kutosha? Anakunywa chai kabla ya shule? Ana upungufu wa damu? Yote haya huleta kuzubaa na yanaweza kuangaliwa karibu na nyumbani.

Ukiona anapotea kwa sekunde na kurudi, andika siku, saa na muda. Mwenye simu amrekodi video. Karatasi hiyo na video hiyo vitamsaidia daktari kuamua kama anahitaji rufaa ya EEG, na huenda vikakuepusha na safari na nauli ya bure.

Na kwa mwalimu: ukiambiwa mwanafunzi wako aliwahi kulazwa kwa malaria kali, mkalishe mbele, mpe maelekezo moja baada ya jingine, mwite kwa jina kabla ya kumuuliza. Ishara yake ameshaitoa kwa kuzubaa. Kazi yetu ni kuuliza ina maana gani kabla ya kunyanyua fimbo.