Mchuzi Wameupenda, Mpishi Hawakumtaka

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Kijana mmoja niliyemsomesha chuoni, ambaye leo yuko London, aliniletea barua yenye maswali mawili. La kwanza: mji ule umejaa mikahawa iitwayo ya Kihindi, na wenye mikahawa hiyo aghalabu ni Waislamu, je, jina la mwenye mkahawa latosha kumfanya mtu ale bila ya kuuliza? La pili lilikuwa zito zaidi. Mwenye mkahawa mmoja alitaka kumpa kazi ya kuandika meza, na katika kazi hiyo mna kupeleka chupa za mvinyo kwa wageni. Kijana hana kazi nyingine, na kodi ya chumba haingoji. Afanye nini?

Jawabu ya sharia si ndefu, nami nitaitaja mwisho. Lakini nilipokaa kumjibu niliona kwamba maswali haya yana historia nyuma yake, na asiyeijua historia hiyo hukiona chakula mezani asimwone aliyekipika. Basi, ndugu msomaji, na tuitazame pamoja.

MKAHAWA WA KWANZA

Wengi hudhani kwamba mikahawa ya vyakula vya Bara Hindi imeanza London jana na juzi. Sivyo hata kidogo. Mkahawa wa kwanza ujulikanao kuwa ulifunguliwa humo na Mhindi mwenyewe ulianza mwaka 1810, karibu na Portman Square, ukaitwa Hindoostane Coffee House. Mwenyewe alikuwa Dean Mahomed, aliyezaliwa Patna mwaka 1759 katika nyumba ya Waislamu. Baba yake alikuwa askari katika jeshi la Bengal la ile Kampuni ya Kiingereza ya East India, akafa mtoto angali mdogo. Mtoto naye akaingia jeshini humo humo, akaambatana na ofisa mmoja wa Kizungu, na mwaka 1784 akafuatana naye mpaka mji wa Cork, Ireland. Huko akasoma Kiingereza, akaoa binti wa nchi ile, na mwaka 1794 akapiga chapa kitabu cha safari zake. Hicho ndicho kitabu cha kwanza kutungwa na Mhindi kwa lugha ya Kiingereza.

Katika mkahawa wake aliweka viti vya mianzi, akatundika picha za nchi ya kwao, akatenga na chumba cha kuvutia viko vya maji. Wageni aliowakusudia ni Waingereza waliokwisha kutumika India, wakarudi na mali na mazoea ya bizari. Lakini haukupita muda mrefu: mwaka 1812 alifilisika. Mabwana wale walikuwa na wapishi wao majumbani, hawakuwa na haja ya kutoka na kulipa. Mwaka 1813 mtu huyu, mwandishi wa kitabu, alikuwa akitangaza gazetini kwamba anatafuta kazi ya utumishi katika nyumba za watu.

Baadaye alihamia Brighton, akafungua hamamu ya mvuke na ya kukandwa viungo, akapata sifa hata wafalme wawili wa Uingereza, George wa Nne na William wa Nne, wakamtumia. Alifariki mwaka 1851. Mwaka 2005 kibao cha kumbukumbu kiliwekwa katika mtaa wa George Street, karibu na mahali ulipokuwa mkahawa wake.

Angalia jambo moja. Mtu huyu alipendwa kwa mikono yake na kwa maarifa yake, lakini katika safari hiyo ya kupanda cheo dini ya wazee wake ilibaki nyuma. Aliingia katika kanisa la watu wa mkewe, na kaburi lake liko katika uwanja wa kanisa. Ya moyoni mwake ayajuaye ni Mola wake, nasi hatumhukumu maiti. Lakini tujiulize: ikiwa mji unataka bizari zako, na hamamu yako, na hadithi zako, na wewe mwenyewe je?

MABAHARIA WA SYLHET

Mwaka 1926 Edward Palmer alifungua mkahawa uitwao Veeraswamy, karibu na Regent Street, kwa ajili ya matajiri. Lakini mikahawa ya watu wa kawaida haikutoka huko. Ilitoka katika tumbo la meli.

Meli za moshi zilizofanya safari baina ya Calcutta na London ziliajiri mabaharia wa Bara Hindi. Waingereza waliwaita «lascar», neno lililotokana na «lashkar» la Kifursi, yaani jeshi, ambalo ni ndugu wa neno letu askari. Wengi katika wachocheaji wa makaa, waliokaa chini kwenye joto la tanuri, walikuwa Waislamu wa wilaya ya Sylhet, ambayo leo imo katika Bangladesh. Ujira wao ulikuwa sehemu ndogo tu ya ujira wa baharia wa Kizungu. Baadhi yao, meli ilipofunga gati London, walishuka na wasirudi. Hawakuwa na lugha wala ndugu. Kazi iliyowangoja ilikuwa kuosha sahani na kumenya viazi katika majiko ya mahoteli.

Mwenyezi Mungu hawaachi waja wake. Mmoja wao, Ayub Ali, alikuwa na mkahawa katika mtaa wa Commercial Street, mashariki ya London, akauita Shah Jalal kwa jina la walii mkubwa aliyezikwa Sylhet. Humo baharia mgeni alipata sahani ya wali, mtu wa kumwandikia barua ya kwao, na mtu wa kumwongoza katika ofisi za serikali. Mwaka 1943 Ayub Ali na mwenzake Shah Abdul Majid Qureshi waliunda chama cha kuwasaidia mabaharia wa Kihindi. Kumbe basi mkahawa ule haukuwa duka la chakula tu. Ulikuwa baraza, ulikuwa posta, ulikuwa nyumba ya mgeni.

Baada ya vita vilivyokwisha mwaka 1945, wengi katika wao walinunua mikahawa midogo ya Waingereza iliyokuwa ikiuza samaki na viazi vya kukaanga. Wakaviacha viazi palepale, wakaongeza mchuzi pembeni. Wakabaki wazi usiku sana, kwa kuwa walevi walipofungiwa vilabu vyao saa tano usiku walitafuta mahali pa kula. Hivyo ndivyo biashara ilivyopanuka. Mchuzi ukapikwa kwa namna inayouridhi ulimi wa Mwingereza. Bangladesh ikapata uhuru mwaka 1971, lakini vibao juu ya milango vikaendelea kusema India, kwa kuwa hilo ndilo jina ambalo mteja alilizoea. Hata jina la nchi yao waliliweka kando, ili mgeni asisumbuke.

Na hapo ndipo ulevi ulipoingia. Watu ambao kwao hawakupata kuishika chupa walijikuta wanaifungua na kuimimina, huku wakijiambia: wateja hawaji pasipo hii, na nyumbani wako watoto kumi wanaongoja. Sisemi hayo ili niwacheke. Nasema ili ujue, msomaji, kwamba mtu haangushwi na chuki ya dini yake. Aghalabu huangushwa na kodi ya pango.

MWAKA 1978

Je, mji uliokuwa ukila kwao kila Jumamosi uliwapenda? Wahudumu wa mikahawa ile wanajua walivyotukanwa na walevi, wakati mwingine wakavunjiwa vioo, na mlaji akatoka asilipe. Na tarehe 4 Mei 1978, kijana Altab Ali, mfanyakazi wa kushona nguo, Mbengali wa miaka 24, aliuawa kwa kuchomwa kisu mashariki ya London alipokuwa akirejea nyumbani kutoka kazini. Hakuwa na ugomvi na wauaji wake. Kosa lake lilikuwa rangi yake. Siku kumi baadaye watu wapatao 7,000 walilifuata jeneza lake kwa miguu mpaka Downing Street, kwenye nyumba ya Waziri Mkuu. Uwanja ulio karibu na mahali alipouawa sasa unaitwa kwa jina lake.

Si mbali na uwanja huo uko mtaa wa Brick Lane, maarufu kwa mikahawa hiyo, na humo mna msikiti wenye mazingatio. Jengo lake lilijengwa mwaka 1743, likiwa kanisa la Waprotestanti waliokimbia mateso Ufaransa. Mwaka 1898 likawa sinagogi la Mayahudi waliokimbia mateso mashariki ya Ulaya. Mwaka 1976 likawa msikiti wa Wabengali. Kila kundi lilifika likiwa geni na maskini, likadharauliwa. Kuta ni zile zile.

Mwaka 2001 Robin Cook, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, alisema katika hotuba kwamba kuku wa tikka masala amekuwa chakula cha kweli cha taifa lao. Alikusudia kheri, kwani alikuwa akiwatetea wageni. Hata hivyo, msikilizaji mwenye moyo atasema: kuku amepata uraia upesi kuliko aliyempika.

Na leo mikahawa ya Brick Lane inapungua. Uchunguzi wa taasisi ya Runnymede uliotolewa mwaka 2020 ulionyesha kwamba katika muda wa miaka 15 ilishuka kutoka 60 hadi 23. Kodi zimepanda, sheria za uhamiaji zimezuia wapishi wapya, na watoto wa wapishi wamesoma na hawataki kurithi joto la jiko.

NA SISI JE?

Ndugu msomaji, ni rahisi kuwanyoshea kidole Waingereza. Lakini kidole kimoja kikinyoshwa mbele, vitatu humrudia mwenyewe.

Chapati, sambusa, biriani, bizari: maneno haya hatukuyazua sisi. Yalivuka bahari pamoja na watu waliokuja na vyakula vyenyewe, na leo hapana harusi ya pwani isiyokuwa na biriani. Basi tuukumbuke mwezi wa Agosti mwaka 1972, pale Idi Amin alipowapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Aliyewafukuza alikuwa Mwislamu, na miongoni mwa waliofukuzwa walikuwamo Waislamu wengi, na watu waliozaliwa Uganda wasioijua nchi nyingine. Zaidi ya 27,000 waliingia Uingereza, wakiwa wameacha nyumba na maduka. Na wako waliokwenda kuanza upya huko kwa kuuza sambusa zile zile. Nani alikataa kuzila hapa kwetu kabla ya siku ile? Na nani alisimama siku ile?

Mwenyezi Mungu ametufunza katika Suratul Hujurat kwamba ametujaalia mataifa na makabila ili tujuane. Kula chakula cha mtu si kumjua. Waweza kula kwake miaka ishirini usijue jina lake, wala amefiwa na nani, wala anaswali wapi.

JAWABU YA KIJANA

Nilimjibu hivi. Ama swali la kwanza: jina la Kiislamu juu ya mlango si shahada ya machinjo. Uliza, wala usione haya, lakini uliza kwa adabu, maana unayemuuliza ni ndugu yako. Na Mtume (s.a.w.) amemkataza muumini kukaa kwenye meza inayozungushwa ulevi. Mashariki ya London iko mikahawa mingi isiyouza kabisa. Nenda huko, na fedha yako imsaidie aliyesubiri.

Ama swali la pili: usiipeleke chupa. Mafunzo ya Mtume (s.a.w.) hayakumtaja mnywaji peke yake, yamemtaja pia mwenye kuubeba ulevi na mwenye kuumimina. Omba kazi ya jikoni mahali pasipouzwa, au kazi nyingine yoyote ya halali, ijapokuwa ni duni. Lakini usiwadharau wazee wale waliobeba. Wewe umekuta misikiti imejengwa na njia imesafishwa. Walioisafisha ni wao, na wengine walijenga misikiti hiyo kwa vijisenti vya ujira wa kuosha vyombo. Waombee maghufira. Na popote ulapo, muulize mpishi jina lake.

Baada ya miezi aliniandikia kwamba ameikataa ile kazi. Anaosha masufuria katika mkahawa mdogo usiouza ulevi, kwa ujira ulio chini ya ule alioahidiwa, na chumba amehama, sasa wanalala watu watatu. Hakuniambia kwamba mambo yamekuwa mepesi, wala sikumtazamia aseme hivyo. Lakini katika barua ile alinitajia jina la mpishi, na kijiji chake, na idadi ya watoto wake, na kwamba usiku wakisha kufunga mlango huketi wote kwenye sinia moja.

Nami nikasema: Alhamdulillahi, huo ndio mkahawa wa Shah Jalal, bado uko wazi.

Wabillahi tawfiq.