Pilipili ya Mkebe na Kesi ya Vidonda vya Tumbo

Leo tuzungumze juu ya mmea ambao wengi wetu tunao nyuma ya nyumba: pilipili.

Mama mmoja ninayemtembelea kijijini alikuwa na mikebe sita ya pilipili, akiitunza kwa raha zake. Siku moja nikaikuta mitupu. "Nimeing'oa yote, sista," akaniambia. "Imeniletea vidonda vya tumbo." Nikamwuliza anakunywa dawa gani. Akanionyesha vidonge vya maumivu ya magoti, alivyokuwa akinunua dukani na kumeza kila siku, mara nyingi bila kula. Pilipili ilikuwa imehukumiwa bila kesi.

Tuanze na asili yake. Pilipili kali si mwenyeji wa Afrika. Watu wa Meksiko na Amerika Kusini waliilima maelfu ya miaka kabla ya mgeni yeyote kufika kwao. Mwaka wa 1492 Christopher Columbus alivuka bahari akitafuta njia ya kufika Asia, kwenye viungo kama pilipili manga. Alifika visiwa vya Karibi, akakuta tunda jekundu linalowasha, naye akalifananisha na pilipili aliyoijua. Wareno waliofika Mombasa na Malindi mwaka wa 1498, na kujenga Fort Jesus kuanzia mwaka wa 1593, walikuwa miongoni mwa waliolisambaza tunda hilo Afrika na India. Ndege nao walisaidia. Ndege hahisi ukali wa pilipili, hivyo humeza mbegu na kuzidondosha mbali. Ndiyo maana unaona pilipili kichaa ikijiotea chini ya mti.

Sasa, kesi yenyewe. Kwa miaka mingi hata madaktari walilaumu vyakula vikali na mawazo mengi kwa vidonda vya tumbo. Mwaka wa 1982, huko Perth, Australia, Barry Marshall na Robin Warren walionyesha kwamba ndani ya tumbo la wagonjwa wengi mna bakteria, waitwao Helicobacter pylori. Wengi hawakuamini. Mwaka wa 1984 Marshall akanywa bakteria hao mwenyewe, na baada ya siku chache tumbo lake likavimba kwa ndani. Mwaka wa 2005 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel.

Kwa hiyo, msikilizaji, vidonda vingi vya tumbo huletwa na mambo mawili: bakteria hao, na dawa za maumivu kama aspirini, ibuprofeni na diklofenaki zikitumiwa ovyo. Pilipili yaweza kumchoma mwenye kidonda, na huyo aipunguze au aiache kwa muda. Lakini kuing'oa shambani hakuui bakteria. Bakteria huuawa kwa antibiotiki zinazotolewa pamoja na dawa ya kupunguza asidi, baada ya kupimwa, na ni lazima umalize dozi. Ukiona choo cheusi kama lami, au ukitapika damu, usingoje kesho. Nenda hospitali mara moja.

Ukitaka kupanda, chukua mkebe wa mafuta ya kupikia, utoboe chini ili maji yasituame, ujaze udongo uliochanganywa na samadi iliyooza. Weka mahali penye jua, nyunyiza maji asubuhi. Baada ya miezi mitatu au minne hivi utaanza kuchuma. Nawa mikono kwa sabuni ukishaikata, wala usiguse macho wala mtoto kabla ya kunawa. Ikikuwasha kinywani, kunywa maziwa; maji peke yake hayaondoi ukali wake.

Wahenga waliuliza, pilipili usiyoila yakuwashiani? Yule mama hakuila kwa miezi miwili, na bado tumbo lilimwaka. Alipokubali kwenda kupimwa, alikutwa na bakteria. Akapewa dawa, akamaliza dozi, akaacha vile vidonge vya dukani. Nilipomtembelea mara ya mwisho, mikebe minne ilikuwa imechipua tena.

Wewe unayeumwa tumbo, usiishie kuulaumu mchuzi. Nenda ukapimwe. Hadi wiki ijayo, ni mimi muuguzi wako wa jamii. Kwaheri.