Punje ya Buni

Wazee walionilea Karagwe walikuwa na njia ya kumgeuza mtu baki kuwa ndugu. Waliiita omukago. Watu wawili walichanjwa karibu na kitovu, damu ikapakwa kwenye nusu mbili za punje ya buni, kisha kila mmoja akala nusu yenye damu ya mwenzake. Tangu siku hiyo shida ya mmoja ilikuwa ya wote wawili. Mimi sikuwahi kuushuhudia. Nilisimuliwa na babu, aliyekuwa na kovu dogo ambalo, akishamaliza kibuyu cha rubisi, alipenda kutuonyesha wajukuu.

Kisha ukaja mwaka 1983. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa katika mkoa wetu wa Kagera, nasi tulizika vijana hadi tukachoka kulia. Damu, ambayo kwa babu ilikuwa udugu, kwetu ikawa kitu cha kuogopwa.

Nayaeleza haya kwa sababu nimewasikia wasomi wakisema figo za kupandikizwa ni chache kwa kuwa watu wetu ni wagumu wa kutoa. Historia yetu haisemi hivyo, ingawa yangu binafsi inanisuta.

Upandikizaji wa kwanza wa figo uliofanikiwa ulifanyika Boston, Marekani, tarehe 23 Desemba 1954. Daktari Joseph Murray alichukua figo ya Ronald Herrick akampa Richard, pacha wake wa kufanana. Pacha hao mwili wao ni kama mmoja, ndiyo maana figo haikukataliwa. Dawa za kuutuliza mwili usiikatae nyama ya mtu mwingine zilikuja miaka ya 1960, na zilizo bora zaidi miaka ya 1980. Kwetu Tanzania upasuaji huo ulianza Novemba 2017 katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, kwa msaada wa madaktari kutoka New Delhi. Mgonjwa wa kwanza alipewa figo na ndugu yake. Machi 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata, ikisaidiwa na Wajapani. Kabla ya hapo safari ilikuwa ya India.

Mdogo wangu hakuifikia 2017. Alikuwa mkulima wa kahawa Murongo, sehemu ambayo mwaka 2012 ilitengwa na Karagwe ikawa katika Wilaya ya Kyerwa. Mwaka 2009 figo zake zote mbili zilishindwa. Mashine ya kusafisha damu humtaka mgonjwa mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara, nayo wakati huo ilikuwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,400 kutoka kwake. Ukoo uliketi. Tulihesabu ng'ombe, tukahesabu kahawa iliyokuwa bado mtini, tukaona nauli na matibabu ya India havifikiwi. Ndipo shangazi akanigeukia: "Na wewe mwalimu, ukitoa hiyo moja, utazikwaje nusu?"

Sikumjibu. Tulisema fedha hazitoshi, wala hatukusema uongo. Lakini nilipotoka nje usiku ule na kusimama kati ya migomba, nilijikuta namshukuru Mungu kwa umaskini wetu. Sikupimwa damu. Mdogo wangu alifariki kabla ya mavuno. Ronald Herrick alikuwa bado hai Marekani, akitimiza mwaka wa 55 na figo moja. Alifariki Desemba 2010, akiwa na miaka 79. Mimi, mkuu wa chuo cha ualimu, sikulijua hilo.

Muhimbili na Dodoma wamejenga kazi yao juu ya watoaji walio hai, nao ni ndugu. Asiye na ndugu anayelingana naye, au mwenye ndugu kama mimi, hubaki na mashine. Hispania ilipata njia nyingine. Tangu 1989 ina shirika la taifa la upandikizaji, na hospitalini kuna daktari ambaye kazi yake ni kuketi na wafiwa na kuwaomba, mara nyingi pale ubongo wa mgonjwa umeshakufa huku mashine bado inampumulisha. Nchi hiyo imekuwa ikiongoza duniani kwa figo za marehemu. Naona siri yake ni huyo mtu wa kuketi, kuliko sheria. Kwetu marehemu hulazwa ndani ya kibanja chake, karibu na baba zake, akiwa mzima. Swali la shangazi lilikuwa la haki, nalo halikupata mtu wa kulijibu kwa upole.

Mwaka jana niliwaambia wanangu kwamba, ikiwa siku moja huduma hiyo itakuwapo na mimi nife mahali panapofaa, wachukue kitakachomfaa mtu. Mkubwa wao alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza kama nimeshawaambia wazee wa ukoo. Bado sijawaambia.